Sitara na Amana: Swali la Mchangiaji Asiye na Jina

Kama neno la mtu asiyejulikana linastahili kuaminiwa ni swali lililowashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi. Swali hilo lilipata sura mpya tarehe 25 Machi 1995, pale Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, alipofungua tovuti ya kwanza ya wiki, yaani tovuti ambayo kurasa zake zinaweza kuhaririwa papo hapo na msomaji yeyote bila kuomba ruhusa. Tangu hapo jibu lake limekuwa likiandikwa katika mipangilio ya programu, kwa kuwa anayeanzisha tovuti ya namna hiyo, iwe ni kamusi elezo, hazina ya istilahi za chuo au kumbukumbu za historia ya mji, hulazimika kuchagua programu ya kuiendesha, na katika kuchagua huko huwa ameshaamua, hata kama hakukusudia, nani atasikilizwa, nani atashukiwa kabla hajatenda lolote, na nani atabeba lawama uongo ukichapishwa. Kwa kawaida uamuzi huo huachiwa mafundi, nao huufanya kwa kuangalia gharama na urahisi. Makala hii inashikilia kwamba huo ni uamuzi wa kimaadili kwanza na wa kifundi baadaye, na kwamba kosa kubwa linalofanywa ni kumwekea ulinzi mtu mahali palipostahili kulindwa ukurasa.

Hoja mashuhuri zaidi dhidi ya kutojulikana imo katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, ambamo Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyepata pete yenye uwezo wa kumfanya asionekane, akaitumia kumtongoza malkia, kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anataka kuonyesha kwamba watu hutenda haki kwa kuogopa macho ya wenzao, na kwamba mwadilifu na mdhalimu wakipewa kila mmoja pete yake, njia zao zitakutana. Wanaotaka kila mchangiaji wa wiki ajitambulishe kwa jina lake halisi huirudia hoja hiyo, wengine bila kujua, na si hoja ya kupuuzwa, kwa kuwa yeyote aliyewahi kusimamia tovuti iliyo wazi anafahamu matusi, uzushi na viungo vya matangazo vinavyomiminwa na watu wasioacha jina. Hata hivyo ipo tofauti moja inayobadilisha mizani. Pete ya Gyges, kama inavyoitwa, ilificha vitu viwili kwa pamoja, mtendaji na tendo lake, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumzuia wala kulitengua alilolifanya. Wiki humficha mtendaji lakini hulianika tendo: kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, yaani orodha inayoonyesha neno gani liliongezwa au kufutwa, tarehe na saa ngapi, na kutoka akaunti au anwani ipi, na toleo la awali huweza kurudishwa kwa kubofya mara moja. Mfalme wa Lydia hakuwa na njia ya kurudishiwa uhai wake.

Kuanikwa kwa tendo, hata hivyo, hakutoshi peke yake, na mkasa wa John Seigenthaler unaonyesha kwa nini. Mnamo Mei 2005 mtu ambaye hakuwa amejiandikisha alifungua katika Wikipedia ya Kiingereza ukurasa kuhusu Seigenthaler, mwandishi mkongwe wa habari wa Tennessee ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, akaandika kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya Robert mwenyewe, ndugu yake. Aliyezuliwa hayo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Robert Kennedy. Maneno hayo yalikaa kwa zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa, na baada ya Seigenthaler kueleza uchungu wake katika gazeti la USA Today mwishoni mwa Novemba mwaka huo, Wikipedia ya Kiingereza ilikataza watu wasiojiandikisha kufungua kurasa mpya. Jambo linalopaswa kuangaliwa hapa ni kwamba historia ya ukurasa ule ilikuwa wazi kwa muda wote huo, pamoja na tarehe na anwani ya intaneti iliyotumika. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma. Kujiandikisha nako hakukudai jina halisi, kwa sababu jina la kubuni lilitosha, na kwa hiyo katazo lile lilipunguza kasi ya waharibifu bila kuwavua vazi lao. Tendo lililo wazi ambalo hakuna anayelitazama humdhuru mtu sawasawa na tendo la siri, na aliyefungua mlango bila kuweka mlinzi ana sehemu yake katika dhara hilo.

Mafundisho ya dini kuhusu kujificha kwa mtendaji yana pande mbili ambazo mara nyingi hutajwa moja bila ya nyingine. Upande wa kwanza ni ule wa sadaka ya siri. Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, inamfundisha mtoaji afiche utoaji wake hata mkono wake mmoja usijue unachotenda mwingine, na mfano huohuo wa mikono miwili umo katika hadithi ya Mtume Muhammad inayowataja watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ambayo hakuna kivuli kingine. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alizipanga sadaka katika daraja nane, akaiweka karibu na kilele ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Sababu ya kuthaminiwa kwa siri hii ni hofu ya riya, yaani kutenda jema ili kuonwa na kusifiwa, ambayo huharibu nia, na ikhlasi, yaani kumkusudia Mungu peke yake katika tendo, ni sharti la tendo kukubaliwa. Kwa mizani hiyo, mtu anayepita katika ukurasa, akaona mwaka umekosewa, akausahihisha na kuondoka bila kuacha jina, hana cha kuonea haya. Amefanya jambo lililo bora kuliko la yule anayehesabu michango yake ili aitwe bingwa.

Upande wa pili ni ule wa ushahidi. Wanazuoni wa hadithi, ambao kazi yao ilifikia kilele katika karne ya tatu ya Hijria, zama za Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakukubali kauli ya Mtume isiyotanguliwa na isnadi, yaani mlolongo wa majina ya wapokezi, kila mmoja akieleza amepokea kwa nani. Kutokana na haja hiyo ilizaliwa elimu ya kuwapima wapokezi, ambayo ilichunguza uadilifu wa kila mmoja, uimara wa kumbukumbu yake, na kama kweli aliishi zama moja na yule anayedai kupokea kwake. Katika elimu hiyo mpokezi majhuli, yaani asiyejulikana alivyo, hudhoofisha riwaya yake, na msomaji aangalie kwamba huyu hahukumiwi kuwa mwongo. Linalosemwa ni kuwa hakuna njia ya kumpima, na hivyo hukumu juu ya neno lake husimamishwa mpaka lipatikane la kulitia nguvu. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inaweka msingi wa tahadhari hiyo pale inapowaamuru waumini kuihakiki habari inayoletwa na mtu mwovu, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta.

Kwa haraka haraka mafundisho haya mawili yaonekana kupingana, lakini kila moja lina uwanja wake. Sadaka haihitaji kuaminiwa ili ifae, kwa kuwa mkate hushibisha hata kama aliyeutoa hajulikani. Ushahidi hufaa kwa kuaminiwa tu, na anayeutoa asipojulikana hubaki sauti isiyo na uzito. Ugumu wa wiki unatokana na kwamba mchango wake ni vyote viwili kwa wakati mmoja: ni kazi iliyotolewa bure, na pia ni dai kuhusu ulimwengu ambalo msomaji atalibeba na kulitumia. Suluhisho ambalo tovuti nzuri za wiki zimelifikia ni kuvitenganisha vitu hivi kwa kanuni ya kutaja chanzo. Mchangiaji asiye na jina anayeandika kwamba Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, kisha akaelekeza kwenye kitabu na namba ya ukurasa, hatoi ushahidi wake mwenyewe; anausogeza karibu ushahidi wa mwenye jina, ambaye msomaji anaweza kumfuata na kumpima. Kazi yake inabaki kuwa sadaka, na sadaka inaruhusiwa kuwa ya siri. Lakini akiandika kwamba diwani fulani aliye hai aliiba fedha za kisima, asitaje chanzo chochote, amesimama mwenyewe kizimbani kama shahidi, na kwa kuwa hajulikani, neno lake ni la majhuli na linastahili kuondolewa palepale bila kusubiri mjadala, kwa sababu heshima ya mtu ikishavunjwa huwa ngumu kuirudisha. Fasihi ya Waswahili yenyewe imezoea hali zote mbili: methali huachiwa wahenga na hakuna anayeuliza ni mhenga yupi, ilhali watunzi wengi wa tenzi walijitaja mwishoni mwa utungo na kuweka mwaka wa kuutunga.

Kabla ya kuendelea ni muhimu kuuliza ni nani hasa aliyefichika katika wiki, kwa sababu matumizi ya kawaida ya neno "asiyejulikana" yanapotosha. Kwa miaka mingi, katika programu ya MediaWiki inayoendesha Wikipedia, mtu aliyehariri bila kujiandikisha alionyeshwa katika historia ya ukurasa kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti, ambayo kwayo yeyote aliweza kukisia nchi yake, kampuni inayompa huduma, na pengine hata ofisi au shule aliyoandikia. Aliyejiandikisha kwa jina la kubuni hakuanikwa hivyo. Kwa maneno mengine, yule aliyeitwa asiyejulikana ndiye aliyekuwa uchi zaidi, na aliyeitwa mwanachama ndiye aliyesitirika. Taasisi ya Wikimedia, inayoisimamia Wikipedia, ilitambua hatari hiyo, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2024 ikaanza kutumia akaunti za muda, ambazo humpa mchangiaji asiyejiandikisha jina la namba tu, huku anwani yake ikionekana kwa watumiaji wachache waliopewa ruhusa ya kupambana na uharibifu. Huo ni uamuzi mwema, na ulistahili kufanywa miaka mingi kabla.

Sitara hiyo si anasa. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, alikamatwa Dar es Salaam na kufikishwa mahakamani, mojawapo ya mashtaka likihusu kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji waliokuwa wameandika kuhusu ufisadi. Jambo hilo linatosha kuonyesha kwamba kudai jina halisi kwa kila anayeandika humwondoa kwanza mtu mwenye cha kuogopa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye la kusema, na humbakiza mwenye nguvu, ambaye hata akisema uongo hana wa kumfanya lolote. Jaribio la kujenga kamusi elezo ya majina halisi lilifanywa na Larry Sanger, mwanafalsafa aliyeianzisha Wikipedia pamoja na Jimmy Wales mwaka 2001, alipofungua Citizendium mwaka 2007. Mradi huo uliwataka wote wajitambulishe, ukaishia kuwa na wachangiaji wachache mno kuweza kuhimili kazi yenyewe.

Utafiti nao unaonya dhidi ya kufunga mlango kwa pupa. Benjamin Mako Hill na Aaron Shaw walichunguza tovuti 136 za wiki ambazo wakati fulani ziliamua kuwataka wachangiaji wote wajiandikishe, wakaona kwamba uharibifu ulipungua, kama ilivyotarajiwa, lakini michango mizuri nayo ilipungua, ikiwemo ya watu ambao wangeweza kujiandikisha na hawakujisumbua. Wikipedia ya Kireno iliamua mwaka 2020 kuwazuia wasiojiandikisha kuhariri makala, na wenye kuiunga mkono hatua hiyo wana haki ya kusema kuwa mzigo wa kusafisha umepungua. Gharama yake ni ngumu kuhesabu, kwa sababu masahihisho ambayo hayakuandikwa hayaachi alama katika historia ya ukurasa wowote.

Hapo ndipo uchaguzi wa programu unapokuwa na uzito wake kamili. Katika faili la mipangilio la MediaWiki, kundi la watu wote, wakiwemo wasio na jina, huwakilishwa kwa alama ya nyota, na ruhusa ya kundi hilo kuhariri huzimwa kwa mstari mmoja tu. Asiyeuandika mstari huo ameacha mlango wazi, kwa kuwa uwazi ndio hali ambayo programu huja nayo. DokuWiki, programu nyepesi iliyoanza mwaka 2004 na inayohifadhi kurasa katika mafaili ya maandishi ya kawaida bila kuhitaji hifadhidata, hugawa ruhusa kwa daraja, kuanzia kusoma, kuhariri, kufungua ukurasa mpya, kupandisha mafaili hadi kufuta, na kila sehemu ya tovuti inaweza kupewa daraja yake. Kwa shule au jumuiya ndogo yenye seva dhaifu, mgawanyo huo una manufaa ya kimaadili, kwa vile unamruhusu msimamizi kuacha sehemu ya msamiati au ya mapishi wazi kwa wote, na kuifunga sehemu ya wasifu wa watu walio hai.

Kati ya njia za ulinzi zilizopo, inayolingana zaidi na busara ya wanazuoni wa hadithi ni ile ya kusimamisha hukumu. Wikipedia ya Kijerumani imeitumia tangu mwaka 2008: badiliko la asiyejulikana hupokewa na kuhifadhiwa, lakini msomaji wa kawaida huendelea kuonyeshwa toleo lililokaguliwa mpaka mhariri mzoefu aliangalie lile jipya na kuliidhinisha. Mchangiaji hakatazwi wala hatuhumiwi, na ukurasa hauchafuliwi. Udhaifu wake ni kwamba wakaguzi wakiwa wachache foleni hurefuka, na mchangiaji anayeona neno lake limekaa majuma kadhaa bila kuguswa hukata tamaa. Njia nyingine zina nafasi yake pia: maswali madogo ya kuwachuja maboti, yaani programu zinazojiandikia zenyewe kwa wingi, vichujio vinavyozuia viungo vya matangazo, na alama inayoziambia injini za utafutaji zisihesabu viungo hivyo, ambayo Wikipedia iliiweka mwaka 2007 ili kuondoa kishawishi chenyewe, kwa sababu watangazaji wengi hawaandiki ili wasomwe na watu bali ili tovuti zao zipande daraja katika matokeo ya utafutaji. Njia hizi zote zina sifa moja njema, kwamba hulipima tendo kabla ya kumpima mtu.

Adhabu ya kuizuia anwani ya IP haina sifa hiyo, na inahitaji tahadhari kubwa kuliko inavyopewa. Mwaka 2007 ulipokuwa unaingia, karibu nchi nzima ya Qatar ilijikuta kwa saa kadhaa imezuiwa kuhariri Wikipedia ya Kiingereza, kwa kuwa karibu mawasiliano yake yote ya intaneti yalikuwa yakipitia anwani moja, na mtu fulani ndani ya nchi hiyo alikuwa ameharibu kurasa. Hali kama hiyo hutokea kila siku Afrika Mashariki kwa sura ndogo zaidi, maana kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu aliyewasha data ili kuandika kuhusu mji wake hukuta amefungiwa kwa kosa la mtu asiyemjua. Qurani na kitabu cha nabii Ezekieli vinakubaliana kwamba nafsi haibebi dhambi ya nafsi nyingine, na msimamizi anayefungia maelfu kwa mwaka mzima ili kujipunguzia kazi ameikiuka kanuni hiyo, hata kama hakuna anayemwona. Anwani ya pamoja izuiwe kwa saa chache, na mlango wa kujiandikisha uachwe wazi. MediaWiki ina chaguo la kuwazuia wasiojiandikisha tu wa anwani husika. Seigenthaler mwenyewe aliacha mfano katika hili: aliyemzulia alipojulikana na kuiacha kazi yake, yeye hakumfungulia kesi, na alimwomba mwajiri wa mtu yule amrudishe kazini.

Yote haya yanamrudisha msomaji kwa mwenye tovuti, kwa sababu ukurasa uliofunguliwa kwa umma ni amana, yaani kitu cha wengine kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akitunze, na mwenye amana huulizwa juu ya uangalifu wake kabla ya kuulizwa juu ya ukarimu wake. Msimamizi ambaye hawezi kusoma mabadiliko ya kila siku, yeye au wenzake, hana haki ya kuacha kurasa za watu walio hai wazi kwa kila apitaye, na akifanya hivyo asisingizie uhuru wa maoni. Katika hali hiyo michango ya wasiojulikana na isubiri ukaguzi, hata ikichukua muda. Penye watu wa kusoma kila siku, kufunga mlango kwa ajili ya uvivu ni dhuluma kwa wale wanaotaka kutoa bila kutajwa.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo sasa ina makala zaidi ya 80,000, hutunzwa na wakabidhi wachache, kama wanavyoitwa wasimamizi wake, wote wakiwa wa kujitolea, na idadi yao haiwezi kamwe kulingana na kazi iliyopo. Walimu, wanahistoria, wauguzi, mashehe na mapadri wanaokijua Kiswahili na kuzijua fani zao wanaombwa watenge nusu saa kwa juma, waangalie yaliyoandikwa kuhusu yale wanayoyajua, wafuatilie vyanzo vilivyotajwa, na waondoe kinachomzulia mtu. Ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni uko wazi kwa kila mtu, na kuusoma hakuhitaji akaunti wala jina.